Mji Ni wa Nani? Sanaa ya Wenye Ulemavu na Somo la Shinyanga

Ipo desturi katika nchi yetu ambayo haihitaji kuelezwa sana, kwani kila aliyewahi kuwa mwanafunzi anaijua, na kila aliyewahi kuwa mgeni rasmi anaijua zaidi. Kiongozi anapozuru shule, viti hupangwa chini ya turubai, maji ya chupa huletwa, na watoto hujipanga mistari wakaimba. Ikiwa shule ina watoto wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa viungo au wenye ualbino, basi hao ndio wanaotangulizwa mbele. Wimbo hueleza mateso, ngonjera hutaja mahitaji, na risala husomwa. Mgeni hufuta machozi kwa leso, hupiga makofi, hukabidhi mchele na sabuni, hupigwa picha, akaondoka. Mwaka wa pili huja mgeni mwingine, na wimbo huwa ule ule, kwa sababu lililoimbwa mwaka wa kwanza halikutendwa.

Nje ya ua wa shule iko desturi ya pili. Pembeni mwa soko, karibu na kituo cha mabasi, au mlangoni pa msikiti baada ya sala ya Ijumaa, huketi mzee asiyeona pamoja na mjukuu wake. Mzee huimba au husoma kasida, na mbele yake kimewekwa kikopo. Mpita njia husimama kidogo, hutia sarafu, akashika njia yake. Huyu twamwita ombaomba, ingawa pengine sauti yake ni bora kuliko ya yule tunayemlipia kiingilio ukumbini.

Desturi hizi mbili, ya risala na ya kikopo, zina jambo moja zinalolingana. Katika zote, msikilizaji hutoa kilichomo mfukoni mwake ili asidaiwe kilichosemwa. Leo safu hii yapenda kusema wazi kwamba deni hilo lipo na halilipwi kwa gunia la mchele. Wimbo wa mtu mwenye ulemavu, mchoro wake na mchezo wake wa kuigiza, mara nyingi ni ushahidi juu ya mji tulioujenga: nani anaweza kupita humo, nani hawezi, na nani anapita akihofia roho yake. Ushahidi hauhitaji makofi. Unahitaji kupokelewa, kuandikwa na kujibiwa.

Tumechagua kulitazama jambo hili kwa kupitia mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Si kwa sababu huko ndiko kubaya peke yake, wala si kwa sababu sisi wa visiwani tumekamilika. Ni kwa sababu huko swali la mji ni wa nani limeulizwa kwa damu, na wanaoulizwa hawakuweza kujifanya hawakusikia.

DHAHABU NA RAMLI

Mwenye kutoka visiwani akavuka hadi Dar es Salaam, kisha akashika barabara ya Dodoma, Singida na Nzega, huingia Shinyanga kwenye nchi tambarare ya pamba, mtama na ng'ombe. Si mbali na mji upo Mwadui, mgodi wa almasi ulioanza mwaka 1940. Ukielekea magharibi kupitia Kahama, waingia katika nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Pembeni ya migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo kwa maelfu, huko Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko, wanaoshuka kwenye maduara kwa kamba na tochi. Kwa ajili yao, vituo vya biashara kama Katoro vimekua upesi vikawa miji kabla ya kuwa na mitaro.

Mchimbaji mdogo hana mtaalamu wa miamba. Hana mkopo wa benki wala bima ya mkono wake. Alichonacho ni bahati, na mtu anayeishi kwa bahati ni rahisi kuuziwa bahati. Hapo ndipo alipoingia mpiga ramli chonganishi, akamwambia kwamba dhahabu huvutwa kwa viungo vya mtu mwenye ualbino. Mwaka 2010 mtafiti Deborah Bryceson na wenzake walichapisha uchambuzi wa jambo hili, wakaonyesha jinsi mauaji yale yalivyofungamana na tamaa na wasiwasi wa uchimbaji mdogo. Kwa maneno mengine, haikuwa "mila ya kale" kama wengi walivyopenda kujifariji. Ilikuwa biashara mpya iliyovaa kanzu ya mila.

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 habari za mauaji zilitapakaa, na kwa miaka iliyofuata zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliorodheshwa kuuawa nchini, wengi wao katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Wengine walikatwa mkono au mguu wakabaki hai, yaani walizaliwa na ualbino na binadamu wenzao wakawaongezea ulemavu mwingine. Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati ule, Ndugu Mizengo Pinda, alitokwa na machozi Bungeni kwa jambo hili. Machi 2009, kwa agizo la Rais Jakaya Kikwete, wananchi walipiga kura ya siri kuwataja waliowashuku. Tarehe 23 Septemba 2009 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya kwanza: watu watatu walihukumiwa kifo kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga wakati huo, na ambayo tangu mwaka 2012 imo katika mkoa mpya wa Geita.

Twayataja haya kwa tarehe zake ili isidhaniwe kwamba Serikali ililala. Haikulala. Wala asidhani mtu kwamba hatari imekwisha, kwani Februari 2015 mtoto mchanga aliporwa mikononi mwa mama yake huko Chato, mkoani Geita, na Mei 2024 mtoto wa miaka miwili aliporwa huko Muleba, mkoani Kagera. Wote wawili walikutwa wameuawa.

UA WA HURUMA

Mauaji yalipopamba moto, watoto wenye ualbino walikimbizwa penye usalama. Katika Manispaa ya Shinyanga walipelekwa Buhangija, shule inayopokea pia watoto wasioona na viziwi. Wakati mmoja walikusanyika hapo kwa mamia, wakalala kwa kubanana, wengine wakiwa wadogo mno kwa darasa lolote. Vivyo hivyo ilikuwa Mitindo, wilayani Misungwi, na katika vituo vingine. Hakuna mwenye akili atakayelaumu hatua ile. Nyumba ikiungua, hutolewa kwanza mtoto, na maswali huja baadaye.

Lakini maswali lazima yaje. Ua uliojengwa kumzuia muuaji asiingie humzuia pia mtoto asitoke. Wapo waliofika wadogo wakakulia ndani ya ua, hawajui njia ya sokoni, hawajui lugha ya bibi yao, na wazazi wamewasahau au wamejifanya kuwasahau. Mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa kuhusu ualbino, Bi Ikponwosa Ero, alizuru Tanzania mwaka 2017, na suala la watoto wa vituoni lilikuwa miongoni mwa aliyoyatazama. Jibu la kweli ni kuufanya mji wenyewe uwe kituo, ili mtoto mwenye ualbino awe salama Buhangija, na awe salama vilevile stendi, gulioni na kisimani.

Na mji huo uko namna gani? Tuutazame kwa macho ya wanaouteseka. Kwa mtu mwenye ualbino adui wa kwanza wa kila siku ni jua. Ngozi yake haina rangi ya kuikinga, na saratani ya ngozi huwaua wengi wao kabla ya uzee. Macho yake nayo huona kwa shida, hasa penye mwanga mkali. Mji usio na mti wala kibaraza ni mji unaomfukuza saa nne ya asubuhi. Kwa asiyeona, adui ni mtaro usiofunikwa na bidhaa zilizomwagwa njiani. Kwa mwenye magongo, ni ngazi za ofisi aliyoitwa akasikilizwe. Kwa kiziwi, ni pikipiki inayokuja nyuma yake ikipiga honi asiyoisikia, na ni karani wa hospitali anayeita majina kwa sauti. Na tusisahau kwamba migodi yenyewe huzalisha watu wenye ulemavu: duara likiporomoka, aliyeingia na miguu miwili huenda akatolewa na mmoja. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na huko machimboni msemo huo si fumbo.

Atakayesema kwamba haya ni makubwa mno kwa uwezo wetu, na azitazame kazi mbili zilizofanyika katika nchi hiyo hiyo. Mwaka 1986, mkoa ulipokuwa umekauka hata Mwalimu Nyerere akauita jangwa la Tanzania, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Wasukuma walihimizwa kurudia ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili yapumzike, na mradi ulipokwisha mwaka 2004 mamia ya maelfu ya hekta yalikuwa yamerejea kijani. Kazi ya pili ni ya juzi tu. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu juu ya maji, katika barabara ya Mwanza kwenda Geita. Watu waliolirudishia jangwa majani hawawezi kushindwa kupanda miti ya kivuli kutoka stendi hadi hospitali. Na nchi iliyovuka ghuba ya kilomita tatu haiwezi kudai kwamba imeshindwa na mtaro wa nusu mita.

Kinachokosekana si saruji. Kinachokosekana ni kwamba anayeumizwa na mtaro hayumo katika kikao kinachopanga mtaro. Na hapa ndipo sanaa inapoingia.

WIMBO WA KISIWANI UKEREWE

Ndani ya Ziwa Viktoria, ng'ambo ya Mwanza, kiko kisiwa cha Ukerewe. Sisi wa Unguja na Pemba tunapaswa kukijua, kwani mkaa kisiwani hamhitaji mkalimani kumwelewa mkaa kisiwani mwenziwe. Kisiwani kila mtu anamjua kila mtu, na kwa hiyo aliyetengwa ametengwa kwelikweli, maana hana mtaa wa pili wa kuhamia.

Huko Ukerewe wanaishi watu wenye ualbino wengi kiasi. Filamu iliyotoka mwaka 2012, ya mtengenezaji Harry Freeland wa Uingereza, ilimfuata Ndugu Josephat Torner, mwanaharakati mwenye ualbino, akizunguka katika jamii zilizokumbwa na mauaji na kusema na watu ana kwa ana, na ikamwonyesha pia kijana mmoja wa Ukerewe aliyetamani kusoma. Baadaye shirika la Standing Voice liliendelea kufanya kazi kisiwani. Ndipo alipofika mtayarishaji wa muziki kutoka Marekani, Ian Brennan, akawaalika watu wenye ualbino wa kisiwa hicho watunge na kuimba nyimbo zao wenyewe. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuimba mbele za watu. Walitunga kwa Kikerewe na Kijita, na mwaka 2017 ikatoka santuri yao, nyimbo za unyanyapaa, za upweke, na za kudai ubinadamu wao. Mwaka huo huo baadhi yao walipanda jukwaa la tamasha la WOMAD huko Uingereza.

Tunayo mawili ya kusema juu ya jambo hili. La kwanza ni la kufurahi. Waimbaji wale hawakufundishwa wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi. Waliambiwa waseme lao, wakasema lao, na likawa zito. La pili ni la kuona haya. Ilibidi atoke mtu Marekani na kipaza sauti ndipo jirani asikilizwe. Hadhira ya Uingereza ilipiga makofi, na ni vyema. Lakini mwimbaji alirudi Ukerewe, na barabara za Ukerewe hazitengenezwi na hadhira ya Uingereza. Zinatengenezwa na halmashauri.

MALYA ILIVYOFANYA

Je, hatuna njia yetu wenyewe? Tunayo, tena ilianzia Usukumani. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, katika wilaya ya Kwimba. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Walikaa na wanakijiji, wakauliza kinachowasumbua, na lililojitokeza likawa mimba za wasichana wadogo. Wanakijiji wenyewe, vijana kwa wazee, wakalitungia ngoma na maigizo kwa mtindo wao wa jadi, wakaonyesha hadharani, na baada ya ngoma hawakutawanyika. Walikaa wakajadiliana nani alaumiwe na nini kifanywe.

Kutoka mwaka 1996 walimu hao hao walipeleka njia ya namna hiyo katika shule za sekondari kwa jina la Tuseme, ili wasichana wataje vikwazo vyao, waviigize mbele ya walimu na wazazi, kisha wapange hatua za kuviondoa. Siri yake yote imo katika hicho kipande cha mwisho. Mchezo huishia kwenye mjadala, na mjadala huishia kwenye ahadi yenye mwenyewe.

Wala hili halipingani na jadi ya Wasukuma. Kwao, baada ya mavuno, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana uwanjani, kila kundi upande wake kwa wakati mmoja. Mshindi hujulikana kwa umati: watu wakihamia kwako, umeshinda. Hiyo ni kanuni ya haki kuliko ya mgeni rasmi aliyeketi mahali pamoja akiletewa kila kitu mbele yake. Sanaa humtaka msikilizaji ainuke na kuhama.

Basi na tufikiri. Wanafunzi wa sekondari za Shinyanga, Kahama na Geita wangetembea mjini pamoja na watu wenye ulemavu, bega kwa bega, kutoka stendi hadi soko, kutoka soko hadi hospitali, kutoka hospitali hadi ofisi ya mtaa. Asiyeona angewaonyesha mtaro, maana yeye ndiye anayeujua kwa kisigino chake. Mwenye ualbino angewaonyesha pasipo na kivuli. Kiziwi angechora, kwani penye mchoro hapotezi neno. Baadaye wangetunga mchezo, wangeuonyesha gulioni siku ya gulio, na diwani, mhandisi na mtendaji wa kata wangekuwapo, si kwenye viti vya mbele, bali katika duara pamoja na wananchi, wakajibu pale pale. Mwanafunzi aliyetembea hivyo siku moja, akija kuwa mhandisi, hatasahau.

AZIMIO NA MADINA

Sisi tuliolelewa na Chama twajua kwamba imani yake ilianza na usawa wa binadamu. Lakini ukweli hauna budi kusemwa, hata ukituhusu wenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipotaja watu ambao wana haki ya kuishi kwa jasho la wengine, liliwataja vilema pamoja na watoto wadogo na wazee. Lilikuwa neno la huruma kwa wakati wake. Hata hivyo lilimweka mtu huyo upande wa kupokea. Umoja wa Mataifa ulipotangaza mwaka 1981 kuwa wa walemavu duniani, nchi yetu ilifuata kwa kutunga sheria mbili mwaka 1982, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Zanzibar ikatunga sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, na Bara ikatunga Sheria Namba 9 ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia tatu ya watu wenye ulemavu, na kuunda kamati zao hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Ukizisoma sheria hizi kwa mfuatano, waona nchi ikitembea taratibu kutoka neno "tunza" kuelekea neno "haki".

Hata lugha yetu imetembea. Zamani tulisema kilema, kipofu, kiziwi, tukawapanga katika ngeli ya vitu. Leo twasema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, na kwa mwenye ualbino tumeliacha lile jina la kejeli. Wapo wanaocheka kwamba ni kubadilisha majina tu, na wanakumbusha kwamba hata "kiongozi" yumo katika ngeli hiyo hiyo. Ni kweli, na labda ni onyo: kiongozi asiyesikia naye huwa kama kitu.

Na tuliokaa chuoni tukiwa wadogo tulisomeshwa Sura ya Abasa kabla hatujajua maana yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akajiwa na mtu asiyeona, Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyekuja kutaka kufundishwa. Akakunja uso, na Mola wake akamkumbusha. Kisa hicho twakijua sote. Tunachosahau ni khatima yake. Mtu yule baadaye alikuwa mwadhini wa Madina, na Mtume alipotoka safari alimwachia mara kadhaa usimamizi wa mji. Tafakarini, ndugu zangu. Asiyeona hakupewa sadaka akaambiwa aende. Sauti yake ndiyo iliyouita mji kwenye sala, na mikononi mwake mji uliachwa.

YATUPASAYO

Baada ya kusema haya, yatupasa tuseme yatendwe nini.

Kwanza, kila risala, ngonjera na wimbo wa watu wenye ulemavu unaotaja kero ya mji uandikwe katika muhtasari wa kikao cha halmashauri, na ujibiwe kwa maandishi katika kikao kinachofuata. Kama halmashauri haina fedha, iseme haina. Jibu la hapana ni heshima kubwa kuliko makofi.

Pili, sheria ya madini ilivyorekebishwa mwaka 2017 inazitaka kampuni za madini zikubaliane na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Huko Geita na Kahama, wakati wa kuutunga mpango huo, waitwe watu wenye ulemavu pamoja na wanafunzi waliotembea mjini, na michoro yao iwekwe mezani kabla ya michoro ya mhandisi. Dhahabu iliyosababisha damu yao imwagike inaweza angalau kuwapandia mti.

Tatu, asilimia mbili ya mapato ya ndani ya halmashauri za Bara iliyotengwa na sheria mwaka 2018 kwa mikopo ya watu wenye ulemavu ivifikie pia vikundi vya muziki, uchongaji na ususi, kwani sanaa ni kazi. Anayeimba kwa ujira si ombaomba.

Nne, ni letu sisi wa visiwani. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar uliundwa mwaka 1985, na umesema mengi. Tumeusikia? Majumba ya Michenzani ni fahari ya Mapinduzi, na hakuna mzalendo asiyejivunia. Lakini mwenye magongo anayekaa juu anajua idadi ya ngazi zake, na sisi hatuijui, kwa sababu hatujamuuliza. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinapendwa na wageni, na kivuli chake ni neema kwa mwenye ualbino, lakini baraza lililojengewa na bidhaa zilizotandazwa humfungia njia asiyeona. Kwetu hatukuwa na mauaji kama yale ya Bara. Tunacho kitu kingine cha kimya zaidi: mtoto anayefichwa chumba cha ndani wageni wanapokuja. Huyo hakuuawa na mpiga ramli. Amezuiwa na aibu ya wazazi wake asiuone mji. Skuli zetu zinaweza kuanza matembezi ya Malya hapa hapa, kutoka Darajani hadi Mnazi Mmoja, na kule Pemba, Machomane na Mkoani.

Hatimaye, twawaambia watumishi wa Serikali, kwa heshima na kwa udugu, kwamba mwaka huu pia watazuru shule, na watoto watajipanga mistari. Wimbo utakapokwisha, kabla ya makofi, mtumishi na amwite mmoja wa watoto hao, amwombe waongozane hadi njia kuu nje ya geti, na amwachie atangulie. Aangalie mtoto anasita wapi, anajikwaa wapi, na anakimbilia kivuli gani. Kisha aseme mbele ya wote ni kipi kati ya hivyo kitaondolewa, na lini, ili mwaka ujao watoto wale wapate wimbo mpya wa kuimba.